Kufichua na Kuficha: Hoja Kuhusu Kutengeneza Foto za Ufuo wa Ziwa

Hapa Bukavu mtu akiwa na foto ya ufuo wa ziwa isiyompendeza, humpelekea rafiki mwenye kompyuta na kumwambia: “Unitengenezee hii foto.” Kitenzi ni kimoja, lakini kazi zinazofanywa kwa jina lake ni mbili. Kazi ya kwanza hurudisha kile ambacho jicho liliona na kamera ikashindwa kukishika. Kazi ya pili huondoa kile ambacho jicho liliona na mwenye foto hakukipenda. Kwa kuwa zote mbili tunaziita kutengeneza, tumezoea kuzipokea kwa moyo mmoja: foto ikipendeza, tunasifu.

Nitatetea hoja moja. Sisi wa kitivo cha lugha tunapaswa kuzitenga kazi hizi mbili kwa majina, na kudai kwamba foto zinazobandikwa kwenye kuta zetu na kuchapwa katika jarida letu ziseme ni ipi kati ya hizo imefanywa. Majina hayo hatuna haja ya kuyabuni. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amefundishwa kauli ya kutendua: funga ikazaa fungua, ziba ikazaa zibua, ficha ikazaa fichua. Mzizi ni mmoja, kiambishi kinageuza maana. Kazi ya kwanza ni kufichua. Ya pili ni kuficha.

Tuchukue foto ya kawaida, ya aina ambayo wengi wetu tunayo kwenye simu. Ni asubuhi, ufuoni mwa Ziwa Kivu. Mbele kuna kina mama wanaofua nguo. Nyuma yao mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, yenye miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma, imerudi na sambaza. Mbali kuna milima. Chini kabisa, pale maji yanapogusa nchi kavu, kuna chupa na mifuko ya plastiki. Aliyepiga foto aliona vyote hivyo. Lakini kwenye foto anga imekuwa nyeupe kama karatasi, milima imefifia, maji yana rangi ya majivu, na nyuso za watu zimekuwa nyeusi bila macho wala midomo.

Kosa liko wapi? Jicho la binadamu halitazami mandhari yote kwa mara moja. Linatembea: likigeukia anga mboni inajifunga, likirudi kivulini inafunguka, na ubongo unaunganisha vipande hivyo kuwa kitu kimoja. Kamera inapokea vyote kwa kipimo kimoja cha mwanga. Ufuoni tatizo hili ni kubwa kuliko mahali pengi, kwa sababu mwanga unatoka juu na unarudi tena kutoka kwenye maji. Simu inapima mng'ao huo, inadhani kila kitu kina mwanga mwingi, na inapunguza. Wanaolipia ni watu waliosimama mbele ya maji, hasa wenye ngozi nyeusi.

Hili la ngozi lina historia yake. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilipima rangi zao kwa kutumia kadi zilizotolewa na kampuni ya Kodak, zilizojulikana kama kadi za Shirley, ambazo zilionyesha mwanamke mweupe. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha rangi sahihi. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990. Kwa hiyo mtu anayeketi leo mbele ya kompyuta akaongeza mwanga kwenye sehemu za kivuli mpaka uso wa mvuvi ukaonekana, hajampamba mvuvi. Amemrudishia uso aliokuwa nao.

Kazi ya kufichua ina hatua ambazo yeyote anaweza kujifunza kwa programu isiyolipiwa, kama GIMP kwenye kompyuta au Snapseed kwenye simu. Nazieleza kwa sababu mara nyingi tunabishana kuhusu foto “iliyotengenezwa” bila kujua kilichofanyika ndani yake.

Ya kwanza ni kunyoosha. Baharini mtu hunyoosha foto kwa mstari ambapo maji yanakutana na anga. Kwetu mstari huo ni nadra kuuona, kwa maana ziwa limezungukwa na nchi. Ufuo wa upande wa pili, unapokwenda mbali ukitupa mgongo, unaonekana umeinama hata kama kamera ilishikwa sawasawa. Anayeunyoosha ule atapindisha kila kitu kingine. Afadhali atazame mti au nguzo na kivuli chake majini: maji yakiwa yametulia, kitu na taswira yake hukaa juu na chini kwa mstari wima.

Ya pili ni kugawa mwanga: kupunguza pale panapong'aa mno na kuongeza kivulini. Hapa kuna mpaka ambao programu haiwezi kuuvuka. Katika faili ya kawaida ya JPEG, kila rangi kati ya nyekundu, kijani na buluu ina ngazi 256 tu, kuanzia 0 hadi 255. Sehemu ya anga ambayo rangi zote tatu zimefika 255 haina tena habari yoyote ndani yake. Ukiipunguza mwanga utapata ujivujivu mtupu, wala hutapata wingu. Faili ghafi ya kamera, ile ambayo bado haijapikwa na mashine, huwa na ngazi 4,096 au 16,384, na kwa hiyo hutunza mawingu na nyuso ambazo JPEG imekwisha kuzitupa. Ndiyo maana wapiga picha wanaojali hupiga kwa mwanga mdogo kidogo ili anga isiungue, kisha huongeza kivulini baadaye.

Ya tatu ni rangi. Programu inauliza: ni kitu gani hapa ni cheupe? Ukiionyesha shuka jeupe la mama anayefua, inarekebisha rangi nyingine zote kwa kulifuata hilo, na maji yanaacha ujivu wake. Baada ya hapo kuna kukoleza. Kitenzi hiki ni cha jikoni, na kinafaa kabisa, kwa sababu rangi hufanya kama chumvi: kidogo inaleta ladha, nyingi inaharibu chungu. Ziwa Kivu la buluu ya rangi ya dirisha, tunaloliona kwenye mabango mengi, limetiwa chumvi kwa maana zote mbili za msemo huo.

Ya nne ni ukungu. Programu nyingi zina kitufe cha kuupunguza, na milima inajitokeza papo hapo. Nashauri kiasi. Milima ya mbali huwa ya buluu na hafifu kwa sababu hewa iliyo kati yetu nayo inatawanya mwanga, na ubuluu huo ndio unaotuambia kwamba iko mbali. Ukiuondoa wote, milima ya ng'ambo inakuja kukaa juu ya mtumbwi.

Mpaka hapa hakuna kilichoongezwa na hakuna kilichoondolewa. Kina mama wako pale pale, mitumbwi iko pale pale, na chupa za plastiki pia. Tena zinaonekana vizuri kuliko mwanzo, kwa sababu aliyefichua nyuso zilizokuwa kivulini amefichua na takataka zilizokuwa kivulini. Na hapa ndipo mwenye foto anaposema: “Sasa unitolee na zile chupa.”

Tamaa hii haikuanza na kompyuta. Katikati ya karne ya 19, Gustave Le Gray wa Ufaransa alipiga picha za bahari ambazo watu wa wakati wake walizistaajabia kwa mawingu yake. Vioo vya picha vya siku zile vilikuwa vikali mno kwa mwanga wa buluu, hivyo kipimo kilichofaa maji kiliunguza anga. Katika baadhi ya picha hizo Le Gray alichukua kioo kimoja cha bahari na kingine cha mawingu, akavichapa pamoja kwenye karatasi moja. Je, alifichua au alificha? Nadhani alisimama mpakani. Alirudisha kitu ambacho kila mtu ufuoni hukiona, yaani anga yenye mawingu, lakini mawingu yaliyomo kwenye karatasi hayakuwa lazima ya siku ile. Tungeweza kumkubalia kwa sharti moja: aseme.

Programu maarufu kuliko zote katika kazi hii, Photoshop, nayo ilizaliwa ufuoni. Mwaka 1987 John Knoll alimpiga picha mchumba wake akiwa ameketi mchangani Bora Bora, ametupa mgongo, akitazama kisiwa ng'ambo ya maji. Picha hiyo ndiyo aliyoitumia kuwaonyesha watu uwezo wa programu aliyokuwa akiitengeneza na ndugu yake Thomas, kabla haijaanza kuuzwa mwaka 1990. Na alionyesha nini? Mbele ya macho ya watazamaji alinakili kisiwa kikawa viwili, akamnakili na yule mwanamke. Toka siku ya kwanza uwezo wa kurekebisha mwanga na uwezo wa kubadili ulimwengu viliwekwa katika sanduku moja la zana, kitufe kando ya kitufe. Lakini kukaa pamoja katika sanduku hakuvifanyi kuwa kitu kimoja. Panga na sindano vinaweza kuwekwa katika kikapu kimoja.

Waandishi wa habari waliliona tatizo mapema. Mwaka 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi mbili za Misri zikaribiane ili zienee kwenye jalada lake, na lawama zake zinafundishwa mpaka leo katika shule za uandishi. Shindano la World Press Photo linaruhusu kugawa mwanga na rangi kwa kiasi, lakini linakataza kuongeza kitu, kukihamisha au kukiondoa. Mwaka 2015 asilimia 20 hivi ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho zilitolewa kwa sababu hiyo. Watu hao wameweka mpaka pale pale ambapo Kiswahili kimeuweka katika kiambishi.

Sasa turudi kwenye chupa zetu. Leo simu huzifuta kwa mguso mmoja wa kidole: unazungushia duara, programu inakisia mchanga ungekuwaje pale, inaujaza. Mtu atauliza, chupa chache zina hasara gani? Hasara yake tunaijua sisi watu wa Bukavu kwa giza. Plastiki inayotupwa ufuoni haibaki ufuoni. Inasukumwa na maji hadi kwenye mlango wa Ziwa Kivu, pale Mto Ruzizi unapoanzia, inakusanyika mbele ya bwawa la Ruzizi I lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na inaziba mitambo. Umeme wa mji unakatika, na kompyuta ambayo chupa zilifutwa ndani yake inazimika. Chupa iliyofutwa kwenye foto imeondoka machoni mwa yule tu ambaye angeweza kuuliza nani aliitupa.

Mfano wa Ziwa Tanganyika unatisha zaidi. Katika miaka ya karibuni maji yake yamepanda, yakaingia katika mitaa ya Uvira na Kalemie kwa upande wetu na Bujumbura kwa upande wa Burundi. Nyumba zilizokuwa mbali na mawimbi sasa zimesimama ndani yake. Anayetaka kujua maji yamepanda kiasi gani, analinganisha foto za zamani na za sasa: mnazi ule ulikuwa wapi, ukuta ule ulikuwa na ngazi ngapi. Foto aliyopiga mtu wa harusi au mtalii, bila nia yoyote ya sayansi, inakuwa ushahidi. Ikiwa katika foto hiyo ukuta uliovunjika umefutwa kwa kuwa uliharibu mandhari, ushahidi umekufa, na hakuna atakayejua kwamba umekufa.

Wenzangu wa isimu watauliza jambo hili linatuhusu nini. Linatuhusu kuliko idara nyingine yoyote, kwa sababu ndiyo kazi tunayoifanya kila siku kwa masikio. Tunakwenda ufuoni na kinasa sauti. Mvuvi anasema: “Niko naenda ku ziwa.” Upepo umeingia katika sauti, motokari imepita. Tukirudi tunapunguza upepo, tunapandisha sauti yake, tunasikiliza mara kumi mpaka kila silabi inasikika. Huko ni kufichua. Lakini yuko mwanafunzi ambaye akiandika anaweka: “Ninakwenda ziwani.” Sentensi ni nzuri, mwalimu hatatia kalamu nyekundu. Ila mvuvi hayumo tena. Niko na-, ambayo ni njia yetu ya kusema tendo linaendelea, imefutwa. Ku iliyokaa mahali pa -ni imefutwa. Mtu wa kesho atakayesoma andiko hilo ataamini kwamba Kiswahili cha Kivu hakijawahi kuwako, kama vile mtazamaji wa foto ataamini kwamba ufuo ulikuwa safi.

Simaanishi kwamba Kiswahili sanifu ni uongo. Makala haya nimeyaandika kwa Kiswahili sanifu, kwa hiari yangu. Ninachosema ni kwamba kutafsiri maneno ya mvuvi kwenda sanifu ni kazi halali ikiitwa tafsiri. Inakuwa wizi ikiitwa nukuu. Vivyo hivyo foto iliyoondolewa chupa ni kazi halali ikiitwa mchoro au tangazo. Inakuwa kitu kingine ikiandikwa chini yake: “Ufuo wa Ziwa Kivu.”

Najua pingamizi. La kwanza ni kwamba hata kukata kingo za foto ni kuficha: ukikata sehemu ya chini, chupa zinatoka, na hukugusa kifutio. Pingamizi hili lina nguvu, na sitalikwepa. Hata hivyo kila mtazamaji anajua kwamba foto ina kingo. Anajua kuna upande wa kushoto asiouona, na anaweza kuuliza. Aliyefuta ndani ya kingo amemwondolea mtazamaji hata swali. Aliyekata amesema, “Nakuonyesha hapa mpaka hapa.” Aliyefuta amesema, “Hapa hapakuwa na kitu.” Kauli ya kwanza inaweza kuwa na ujanja, ya pili ni ya uongo.

La pili ni la tumbo. Vijana wengi wa mji huu wanapata mkate wao kwa kupiga foto za harusi na za ubatizo ufuoni, na mteja hataki takataka nyuma ya gauni la bibi harusi. Sina ugomvi nao. Foto ya harusi ni ya familia, na wote wanaoitazama wanajua imepambwa, kama wanavyojua kwamba bibi harusi havai hivyo kila siku. Shida inaanza foto hiyo inapotolewa kwenye albamu ikawekwa kwenye kalenda, kwenye tangazo la hoteli, kwenye jalada la kitabu cha shule. Hapo mkataba wa kupamba umevunjika, kwa kuwa mtazamaji mpya hakualikwa harusini.

La tatu ni uzalendo. Wapo wanaosema kwamba dunia imezoea kuiona Kongo katika foto za vita na taabu, na kwamba sasa ni zamu ya kuonyesha uzuri wake. Hapo nakubali kwa nguvu zote. Lakini uzuri huo tunao, na kazi ya kufichua inatosha kuuonyesha: nyuso zenye macho, maji yenye rangi yake, milima iliyosimama mahali pake. Nchi ambayo foto zake za taabu husambazwa mara nyingi zikiwa na maelezo ya uongo, ikianza kutoa na foto za uzuri zenye uongo, haitaaminiwa siku itakapoonyesha lililo kweli.

Napendekeza basi mambo matatu kwa kitivo chetu. Kwanza, jarida hili na mbao za matangazo ziandike chini ya kila foto ya mandhari moja kati ya maneno haya mawili: “mwanga umerekebishwa” au “kuna kitu kimeondolewa.” Foto isiyoguswa haihitaji neno. Pili, kila anayeleta foto atunze faili ya asili, kama tunavyotunza kanda za sauti, ili mwenye shaka apate mahali pa kuangalia. Tatu, wanafunzi wa istilahi wasihangaike kutafuta nomino ya kila kitufe. Vitenzi tunavyo: kunyoosha, kukata, kung'arisha, kukoleza, kufichua, kuficha, kufuta. Mafunzo ya programu hizi kwa vijana wa ufuoni yanaweza kuanza kwa vitenzi hivyo, bila kusubiri kamusi.

Gharama ya pendekezo la kwanza ni maneno mawili au matatu ya wino. Walimu wetu wakilikubali, lianze na toleo lijalo.